Gari Lililochuchumaa

Ijumaa ile ya kupeleka mahari, ua wa Kelebonye pale Letlhakane ulijaa watu tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamejitanda shuka mabegani na kufunga vilemba, wanaume wamevaa makoti ingawa joto lilikwisha kuanza, na kila mtu alikuwa anampa mwenzake amri. Bwana harusi, Pako, alikuwa mtoto wa Kelebonye, na kwa watu wale mtoto wa dada akioa, mjomba hukaa mbele. Hakuna ng'ombe anayeingia kwa wakwe kama mjomba hajafika. Mjomba wa Pako alikuwa Obusitswe Radipati, mtu mrefu mwenye kitambi kidogo, aliyeendesha malori ya mgodini karibu maisha yake yote ya kazi.

Alipostaafu, Obusitswe alinunua pikapu nyeupe ya milango minne. Haikuwa mpya, lakini aliiosha mpaka majirani wakamwambia ataitoa rangi. Miezi michache kabla ya harusi aliipeleka kwa fundi, na fundi akalala chini, akatoka na vumbi kwenye nyusi, akamwambia, "Mzee, bamba moja la springi ya kulia limekatika. Hayo mengine yamechoka. Ukitaka kuvuta tela, tubadilishe hilo na tuongeze jingine juu yake, kila upande." Obusitswe akasema sawa, atarudi. Hakurudi. Alikwenda mjini akanunua rimu za kung'aa na vyuma vya kukinga pua ya gari, kwa sababu rimu zinaonekana na springi hazionekani, na siku ya harusi watu wangekuwa wanatazama.

Basi siku hiyo watu wakatazama.

Kwenye bodi ya pikapu walikuwa wamepakia masufuria ya chuma ya miguu mitatu, yale makubwa ya kupikia msibani na harusini, magunia ya unga wa mtama, na kreti za soda. Nyuma likafungwa tela la ng'ombe aliloazima kwa jirani. Ndani ya tela, mbele, alisimama ng'ombe wake mwekundu, jike kubwa lenye baka jeupe usoni, zawadi ya mjomba kwa mpwa wake. Nyuma yake, baada ya kizuizi cha chuma, mtamba mdogo aliyetolewa na baba yake Pako. Mlango wa tela ulipofungwa, pikapu ilishuka. Ilishuka nyuma taratibu, mbele ya macho ya ukoo mzima, mpaka bampa likakaribia mchanga na pua ikatazama mawingu.

Kisha Modiri, mume wa Kelebonye, akasogea, akainama, akaweka mikono magotini, akalitazama gari kama daktari.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "hili gari lako limeshikwa na haja? Mbona limechuchumaa?"

Ua wote ukalipuka. Wanawake walicheka mpaka shuka zikawadondoka mabegani. Shangazi Sethunya, dada mkubwa wa marehemu baba yake Obusitswe, mwanamke mzee asiyecheka ovyo, alijifunika mdomo kwa kiganja.

"Mletee karatasi, maskini!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka jikoni.

"Na hizo taa zake," Modiri akaendelea, maana mtu akishaanza kuchekesha ni vigumu kumnyamazisha, "akiziwasha zitamulika ndege za angani. Rubani atadhani ndio uwanja."

Shemeji kumtania shemeji ni jambo la kawaida, na siku nyingine Obusitswe angemjibu kwa tusi zuri zaidi. Lakini siku hiyo alikuwa amejiandaa kutazamwa vingine. Alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Hata Pako, mpwa wake aliyemlea kama wake, alikuwa amegeuka kando huku mabega yakitikisika.

"Ni mpangilio tu," Obusitswe akasema. "Mmepakia vibaya. Tangulieni, nitawakuta njiani."

Magari mengine yakaondoka kwa honi na vigelegele kuelekea Palapye, kwao bibi harusi. Uani wakabaki Obusitswe, mkewe Mama Gorata, Shangazi Sethunya aliyekwisha kukaa kiti cha nyuma, na majirani kadhaa waliobaki kutazama.

Kulikuwa na mambo ya kufanya, na Obusitswe aliyajua yote. Angeweza kushusha masufuria na unga, akampigia mtu wa gari jingine arudi kuyachukua. Angeweza kumwacha mtamba, akarudi kumchukua kwa safari ya pili. Lakini hayo yote yalikuwa na maana ya kupiga simu, na kwenye simu kulikuwa na Modiri.

Akafungua mlango wa tela. Akawatoa ng'ombe wote wawili, akamrudisha kwanza mtamba, akampeleka mbele, akafunga kizuizi, kisha akamwingiza yule jike mkubwa nyuma. Halafu akaanza kuhamisha masufuria kutoka kwenye pikapu, moja moja, na magunia ya unga juu yake, akayapanga kwenye kona ya mwisho kabisa ya tela, akayafungia kwa kamba na ubao ili ng'ombe asiyakanyage. Kila gunia lililokwenda nyuma, mkia wa pikapu ulinyanyuka kidogo. Alipomaliza, gari lilikuwa limesimama sawasawa kama meza.

Majirani wakapiga makofi. "Dereva ni dereva!" mmoja akasema.

Mama Gorata hakupiga makofi. Alikuwa amesimama mlangoni kwa gari, shuka lake limekunjwa mkononi.

"Baba Gorata," akasema taratibu ili wengine wasisikie, "Pako alipopakia matofali nyuma ya tela hivi hivi, si ulimfukuza? Si ulimwambia anataka kuua watu?"

"Matofali ni matofali. Hawa ni ng'ombe."

"Uzito si uzito?"

"Mama Gorata, nani ameendesha malori hapa, wewe au mimi? Ingia."

Akaingia.

Hakuwa mtu wa kudanganywa na macho, Obusitswe. Mgodini alikuwa akiwafundisha vijana jambo hilohilo: uzito mkubwa ukikaa mbele kidogo ya magurudumu ya tela, tela hulikandamiza gari na kulifuata kwa adabu. Ukikaa nyuma, hunyanyua mkia wa gari, na gari linapendeza kwa wanaotazama. Ila tela halina tena kitu cha kulishikilia barabarani, likianza kuyumba linajiendea. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Alijiambia ataendesha polepole.

Na kweli aliendesha polepole, kwa muda. Barabara ilikuwa tupu, miba pande zote, mbuzi hapa na pale. Shangazi Sethunya alisinzia. Kisha Pako akapiga simu kuuliza mjomba amefika wapi, na nyuma ya sauti ya Pako ikasikika sauti ya Modiri ikisema, "Muulize kama gari limekwisha kunawa mikono," na watu ndani ya gari lile wakicheka. Obusitswe akakata simu, mguu wake ukashuka kwenye mafuta.

Palikuwa na mteremko mrefu kabla ya Serowe. Lori la mizigo lililokuwa likija mbele likawapita kwa kishindo, upepo wake ukalipiga tela ubavuni, na Obusitswe akasikia mkia wa gari ukivutwa kulia, kidogo tu, kama mtu aliyevutwa nguo kwa nyuma. Kisha kushoto. Kisha kulia tena, zaidi.

Alijua la kufanya. Achia mafuta, shika usukani imara, usiguse breki kuu, liache lipungue lenyewe. Mdomo wake uliwahi kuyasema maneno hayo kwa vijana wasiohesabika. Lakini mteremko ulikuwa unawasukuma, tela lilikuwa linapiga huku na huku, Mama Gorata akamshika mkono akipiga kelele, na mguu wake ukakanyaga breki.

Tela likaja ubavuni. Pikapu ikazunguka, mbingu na lami zikabadilishana, kishindo, kisha vumbi. Walipotulia walikuwa wametazama walikotoka. Tela lilikuwa limeng'oka na kulala ubavu kwenye miba, magurudumu yake yakizunguka hewani. Unga wa mtama ulikuwa umemwagika barabarani, na sufuria moja lilikuwa linaendelea kubingirika, likateremka mlima peke yake mpaka likatoweka.

Mama Gorata alikuwa mzima. Obusitswe alikuwa na damu mdomoni. Shangazi Sethunya alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto, ameupakata kama mtoto, na haukuwa umekaa vizuri.

"Nini kimetokea?" akauliza. "Obusi, mwanangu, nini?"

Obusitswe alishuka akaenda kwenye tela. Mtamba alikuwa amechomoka akakimbilia porini, baadaye alipatikana akila majani kana kwamba hakuna kitu. Yule jike mwekundu hakutoka. Alikuwa amevunjika nyonga na mguu wa mbele, na alikuwa akimtazama Obusitswe kwa jicho moja, jingine likiwa limezama kwenye unga.

Magari yakaanza kusimama. Mtu mmoja aliyevaa ovaroli akaja mbio, akatazama alama za matairi, akatazama tela, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Punda, eh?" akasema. "Punda wa hapa wanaozurura barabarani watatumaliza."

Neno lilikuwa limeletwa mpaka mdomoni kwa Obusitswe, kama mtu anavyoletewa maji.

"Punda," akasema.

Mama Gorata alikuwa amesimama karibu. Aligeuza kichwa, akamtazama mumewe, kisha akaenda kumshika shangazi.

Baada ya hapo neno likatembea lenyewe. Mwenye ovaroli akamwambia mwanamke wa gari la mboga, mwanamke wa mboga akamwambia askari wa barabarani alipofika. Askari alikuwa kijana mpole. "Pole sana, mzee. Punda wa rangi gani?"

"Wa kijivu," akasema Obusitswe, kwa kuwa punda wengi ni wa kijivu.

Yule ng'ombe wakamchinja palepale. Shangazi akapelekwa hospitali, mkono ukafungwa plasta. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Modiri na Pako wakarudi kuwachukua. Modiri alishuka kwenye gari kabla halijasimama vizuri. Hakuleta mzaha. Alimkumbatia Obusitswe, akamng'ang'ania, na Obusitswe akasikia kifua cha mtu yule kikipanda na kushuka kwa kilio.

"Shemeji, umewaokoa. Mtu mwingine angewaua wote. Na mimi asubuhi nilikuwa nakucheka, mjinga mimi. Nisamehe."

"Hakuna neno," akasema Obusitswe. Aliyasema akiwa anatazama viatu vyake.

Mchana wa Jumamosi, baada ya ng'ombe kukabidhiwa (walikuwa wameazima jike jingine kwa ndugu wa Palapye, hesabu ikatimia), watu walikaa chini ya turubai kwa wakwe wakila nyama iliyopondwa na uji mzito wa mtama. Obusitswe alikalishwa kiti cha mbele, chenye mto. Msemaji wa upande wa bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya wazee akasema kuwa wamepata wakwe wenye mjomba wa kweli, mjomba aliyepambana na punda barabarani na bado akafika na koti lake mwilini. Watu walishangilia. Wanawake wa upande wa Kelebonye wakatunga wimbo hapohapo, wakamtaja jina. Kila aliyepita alimpa mkono. Obusitswe alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mama Gorata alimletea sahani, akaiweka, akaondoka. Hakuwa amemwambia neno tangu barabarani. Mbele za watu hakununa. Alicheka na wenzake, alibeba maji, alimlisha shangazi kwa kijiko. Ila hakumtazama mumewe hata mara moja. Obusitswe angependa amtukane.

Ndipo akaingia mzee mmoja kupitia lango, akimvuta mbuzi kwa kamba.

Alikuwa mtu mwembamba, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilimfunika vidole. Alivua kofia akiwa bado mbali. Alimuuliza mtu jambo, mtu akamwonyesha kiti chenye mto, naye akaja, akachutama hatua chache mbele ya Obusitswe kama mtu anayechutama mbele ya mkubwa wake, ingawa kwa umri walikuwa sawa.

"Naitwa Tshenolo," akasema. "Natoka Mokgalong, kile kijiji cha juu ya mteremko. Punda yule ni wangu, baba."

Modiri akasimama upesi. Yeye ndiye aliyepita Mokgalong jioni ya Ijumaa, akaenda moja kwa moja barazani kwa chifu kushtaki, akitaja punda wa kijivu.

"Kumbe ni wewe! Unajua umevunja mkono wa mama mzee? Unajua umeua ng'ombe wa mahari? Mnafuga wanyama kama mnatupa takataka, mnawaachia barabarani—"

"Ni kweli, baba," akasema Tshenolo. "Kamba ilikatika asubuhi ile. Nilikuwa namtafuta. Niliitwa barazani, nikasimamishwa mbele ya watu, chifu akaniuliza nani hapa ana punda wa kijivu anayezurura. Ni mimi. Sina ng'ombe wa kulipa ng'ombe. Nimeleta mbuzi huyu, si malipo, ni kuomba radhi tu. Nimepanda gari la watu mpaka hapa. Naomba mnisamehe."

Shangazi Sethunya, mkono wake mweupe wa plasta ukiwa kifuani, akasema kwa upole, "Obusi, mpokee mwenzako. Mtu amekuja mwenyewe, hakuletwa. Mpe mkono."

Obusitswe akanyanyua mkono. Aliunyanyua kweli, ukafika katikati. Tshenolo akatoa wake kutoka ndani ya ule mkono mrefu wa koti, akaushikilia na mwingine kwa heshima. Nyuma ya mabega ya mzee yule, kando ya masufuria, Mama Gorata alikuwa amesimama na sinia la glasi. Safari hii alikuwa anamtazama.

Mkono wa Obusitswe ukarudi magotini.

"Hakukuwa na punda," akasema.

"Sema kwa nguvu, shemeji," Modiri akasema. "Sijasikia."

"Hakukuwa na punda!" Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hakukuwa na punda wa kijivu wala wa kahawia. Barabara ilikuwa tupu. Nilipakia tela vibaya. Nilihamishia uzito nyuma ili gari lisionekane limelala, na nilijua, nilijua kabisa kwamba haifai. Springi yangu imekatika tangu majira ya baridi. Nilikwenda mbio, tela likayumba, nikakanyaga breki kama mtu asiyejua kuendesha. Huyu mzee hajafanya kitu."

Mtu mmoja aliyekuwa akipeleka kijiko mdomoni akakirudisha kwenye sahani. Kelebonye, dada yake, alikuwa amesimama na wale wanawake waliotunga wimbo. Alishika kilemba chake kwa mikono miwili kana kwamba kinataka kupeperuka.

"Kaka," akasema. "Mbele ya wakwe?"

Ikawa kama hilo ndilo lililomuuma dada yake zaidi.

Tshenolo alikuwa bado amechutama. Alionekana mtu anayetafsiri maneno kichwani mwake moja moja. Kisha akasimama, na alipokuwa amesimama, koti lile kubwa halikuonekana tena la kuchekesha.

"Hapakuwa na punda," akasema.

"Hapakuwa, mzee wangu. Naomba—"

"Nimempiga punda wangu jana." Hakupaza sauti. "Nimempiga kwa fimbo mpaka mkono ukaniuma. Punda aliyenibebea maji mwaka mzima. Alikuwa ananitazama tu. Nimesimama barazani mbele ya watoto wangu, nikaambiwa ninaua watu. Mke wangu hajala tangu jana, analia kwa ajili ya huyu mama wa mkono. Na wewe ulikuwa hapa, kwenye mto, unakula nyama."

"Ndiyo," akasema Obusitswe.

Mwenye nyumba, baba wa bibi harusi, akajaribu kuyatuliza. Akamkaribisha Tshenolo kiti, akaagiza aletewe chakula. Tshenolo akamshukuru kwa adabu zote, akasema hana njaa. Akavaa kofia yake, akaikusanya kamba ya mbuzi, akaondoka. Obusitswe akamfuata. Alimfuata mpaka barabarani, nyuma yake kidogo, na walipofika kwenye kivuli cha kusubiria magari akasema, "Nikushikie mbuzi, mzee." Tshenolo akasema, "Mbuzi wangu ninamweza." Wakasimama hapo, mmoja huku na mwingine kule, mpaka gari likatokea, likamchukua mmoja.

Jumatatu Obusitswe alikwenda polisi akabadilisha maneno yake, na askari yule mpole hakuwa mpole tena. Adhabu yake akapewa. Mwenye tela naye alimwambia maneno ambayo hayafai kurudiwa. Pikapu ilivutwa mpaka kwa fundi, ikanyooshwa ubavu, bamba lililokatika likabadilishwa na jingine likaongezwa kila upande. Fundi alipomaliza alimwambia, "Sasa hata ukifunga tela halitalala, mzee. Ila uzito upange mbele." Obusitswe akasema asante, anajua.

Dada yake hakupokea simu zake majira yote ya mvua. Pako alikuja, akakaa naye, akamwambia, "Mjomba, yameisha," lakini aliyasema kama mtu aliyetumwa. Shangazi Sethunya alimsamehe siku ileile na hilo halikumsaidia. Na Modiri, ambaye hakuwahi kumpita bila kumchokoza, sasa alimwamkia kwa heshima kamili, "Hujambo, shemeji, habari za nyumbani," na kupita. Heshima hiyo Obusitswe aliisikia mwilini kama baridi.

Mama Gorata alianza kuzungumza naye usiku waliporudi kutoka harusini. "Nilikuwa nasubiri," alimwambia. "Nilijiambia, akimpa yule mzee mkono, kesho naondoka kwenda kwa mama yangu." Kisha akamwuliza kama anataka chai.

Zilipita wiki kadhaa ndipo Obusitswe alipokwenda Mokgalong. Alikwenda na mkewe. Walimkuta Tshenolo anatengeneza mkokoteni, na hakuacha kazi kwa ajili yao. Obusitswe alisema alichokuja kusema: kwamba anataka kuleta mtamba, zao la yule jike mwekundu, awe wa Tshenolo.

"Sitaki ng'ombe wako," Tshenolo akasema. "Nilisimamishwa barazani. Nenda barazani."

"Nitakwenda."

"Leo. Watu wapo, wanazungumzia kisima. Na uvae koti."

Koti lilikuwa ndani ya gari. Obusitswe akalivaa, mkewe akamfunga vifungo, wakaenda. Watu wa Mokgalong walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, wengi wao wasiomjua hata kwa sura. Chifu akampa nafasi. Akasimama, akavua kofia, akataja jina lake, jina la baba yake na mahali anapotoka, halafu akaeleza. Aliposema alivyohamisha magunia nyuma ili gari lipendeze, mwanamke mmoja kijana akacheka, akakatazwa. Aliposema "punda wa kijivu" ilimbidi aanze upya. Hakusema sana. Akamaliza kwa kusema kwamba Tshenolo wa Mokgalong hana kosa, na kwamba yeye ndiye mwongo.

Chifu akauliza kama kuna mwenye swali. Mzee mmoja wa nyuma kabisa akauliza, "Ulikuwa unaogopa nini hasa, baba?"

Obusitswe alifikiri. "Kuchekwa," akasema.

Mzee yule akaitikia kwa kichwa, akakaa. Chifu akasema wamesikia. Wakarudi kwenye mambo ya kisima.

Tshenolo alikuwa amesimama ukutani muda wote. Obusitswe alipopita, hakumpa mkono, wala hakutabasamu. Alimwambia tu kuwa barabara ya kutokea kijijini ina mchanga upande wa kulia, apite kushoto. Obusitswe akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akaweka ufunguo mahali pake, na hapo akashindwa kuendelea. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kola, na watu waliokuwa wanatoka barazani walipita wakimwona kupitia kioo, mmoja mmoja, naye hakujificha.

Mama Gorata alifungua kioo cha upande wake, akatazama nje muda mrefu.

"Washa gari," akasema hatimaye. "Twende, mchana unaisha."